Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo wa Vanuatu: Kimwotlap na darasa la kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Tunakuandikia juu ya lugha moja ya nchi yako ya visiwa vya Pasifiki, Kimwotlap, lugha ya watu wapatao 2,100, wengi wao wakiwa katika kisiwa cha Motalava, visiwa vya Banks, mkoa wa Torba. Sisi ni Waswahili wa kazi za tahajia, kamusi na vitabu vya kuanzia kusoma. Tumeandika kwa lugha yetu na mbele ya watu wote, kwa kuwa mengi tutakayoyataja yanawakuta pia wanaoandika lugha ndogo na kubwa za huku kwetu, nao wanapaswa kuyaona.

Ombi letu ni kwamba shule za Motalava zifundishe kusoma na kuandika kwa Kimwotlap katika miaka ya mwanzo, wala zisipewe Kibislama, lugha ya mawasiliano ya nchi nzima, badala yake kwa sababu tu ni rahisi kukichapa. Ruhusa ipo tayari. Ibara ya 3 ya Katiba yenu inaitaka Jamhuri izilinde lugha za wenyeji kama sehemu ya urithi wa taifa, na sera ya lugha ya 2012 imefungua mlango wa lugha ya mama au Kibislama katika madarasa ya chini, kabla ya Kiingereza na Kifaransa. Tatizo liko kwenye hilo neno "au". Mwalimu akiwa na lugha moja yenye vitabu na nyingine isiyo navyo, atashika yenye vitabu, na hakuna atakayemlaumu. Lakini mtoto wa Motalava huanza kusema kwa Kimwotlap. Kibislama hukijua vizuri baadaye, shuleni, bandarini na mjini. Akifundishwa herufi kwa Kibislama anabebeshwa mizigo miwili siku moja: lugha mpya na ufundi mpya wa kusoma.

Tunajua pia kwamba nchi yenye lugha zaidi ya 100 kwa watu wapatao 300,000 haiwezi kuzitimizia zote mwaka mmoja. Ndiyo maana tunataja lugha moja ambayo bado watoto wanaizungumza. Lugha ya namna hiyo hugharimu kidogo kuisaidia. Ikisubiriwa mpaka wabaki wazee peke yao, kazi inakuwa ya kurekodi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuanze na herufi, kwa sababu huko ndiko vitabu vya lugha ndogo huharibikia kwanza. Kimwotlap kina irabu saba: i, ē, e, a, o, ō, u. Irabu ē iko kati ya i na e, na ō iko kati ya o na u. Kistari cha juu kimebeba sauti, hivyo kukiacha ni sawa na kuandika herufi nyingine. Msomaji wa Kikuyu atatuelewa mara moja, maana nacho kina irabu saba na hutumia ĩ na ũ kuzitofautisha. Atakumbuka pia jinsi alama hizo zinavyoachwa katika ujumbe wa simu, kwa kuwa kibodi haizitoi upesi, na msomaji akabaki kukisia neno kwa muktadha. Mtu mzima huweza kukisia. Mtoto wa miaka sita aliye kwenye ukurasa wake wa tatu hana muktadha wowote wa kumsaidia.

Konsonanti ni 16. Herufi n̄ ni ile sauti ya ng'ombe. G ni gh ya ghali. B husomwa kama mb ya mbuzi na d kama nd ya ndizi, kila mara zinapoanza silabi. Herufi q ni k na p zinazotamkwa kwa pamoja zikifuatwa na w, na m̄ ni ng' na m kwa pamoja, nayo ikiwa na w. Ongeza p, ambayo ndiyo sura ya v inapofunga silabi, upate herufi 24 kwa jumla. Mfumo huu kwa sehemu kubwa umetoka katika maandishi ya Kimota, lugha ya kisiwa jirani ambayo Misheni ya Melanesia ya Waanglikana iliifanya lugha yake ya shule na kanisa tangu karne ya 19 mpaka 1931. Kila sauti ina herufi yake, na wenyeji wameuzoea. Usibadilishwe.

Tunasema usibadilishwe kwa sababu kila baada ya muda hutokea mtaalamu wa mitambo anayependekeza n̄ iandikwe ng, ili kompyuta isisumbue. Katika Kimwotlap n ikifunga silabi na g ikianza inayofuata, zinakutana n na g kama sauti mbili, na maandishi ya ng yatazichanganya na n̄. Kuweka kibainishi, kama tufanyavyo sisi katika ng', hakuponyi. Kibainishi chetu kina sura tatu au nne kwenye mashine: kilichonyooka, kilichopinda kushoto, kilichopinda kulia. Kwa mashine nyingi ng'ombe iliyoandikwa kwa kila sura ni neno tofauti, na programu nyingine hulikata vipande viwili, ng na ombe. Hatupendi kuwaona wengine wakijiingiza katika shida ambayo sisi hatujaimaliza.

Shida halisi ya n̄ na m̄ inatibika. Katika Yunikodi, mfumo wa namba za herufi unaotumiwa na kompyuta zote, ē na ō zina namba zao kamili: U+0113 na U+014D. Herufi n̄ na m̄ hazina. Huundwa kwa vipande viwili, n au m kisha kistari U+0304. Mengi hutokana na hapo. Ukifuta kwa kibodi ya kawaida, hufutika kistari peke yake na n ikabaki, na mwandishi asiyetazama huiacha hivyo. Katika fonti zisizoandaliwa, kistari hukaa pembeni ya herufi au hugonga kichwa cha N̄ kubwa. Nazo ē na ō zaweza kuandikwa kwa njia mbili, kwa namba moja au kwa vipande viwili. Machoni zinafanana, ila ukitafuta neno katika faili nusu ya mifano haitokei. Mchapaji akigundua hilo baada ya kurasa 200, huanza upya.

Dawa yake ifanywe kabla ya kitabu cha kwanza. Mafaili yote yapitishwe kwenye usawazishaji wa Yunikodi uitwao NFC, ili ē na ō ziwe za namna moja. Kibodi itengenezwe kwa Keyman, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu, na n̄ ipewe kitufe kimoja kinachotoa vipande vyote viwili na kuvifuta vyote viwili. Simu itangulie kompyuta, kwa kuwa ndicho chombo kilicho mkononi mwa mwalimu. Kwa fonti tunapendekeza Andika ya SIL, shirika la kazi za lugha, iliyochorwa mahsusi kwa wanaoanza kusoma na iliyopewa jina la Kiswahili. A na g zake zina umbo lile ambalo mtoto anafundishwa kuliandika kwa mkono, na vistari vyake hukaa mahali pake. Kabla ya kulipia uchapaji, chapa ukurasa mmoja wenye herufi zote 24, kubwa na ndogo, uutoe fotokopi, kisha uitoe fotokopi ile fotokopi. Kama vistari bado vinaonekana, ukubwa unatosha. Kwa darasa la kwanza usishuke chini ya pointi 18. Kwa pointi 10 kistari cha ē hupotea katika fotokopi ya pili, na fotokopi ya pili ndiyo itakayomfikia mtoto kitabu kikiisha.

Programu za kamusi nazo zinahitaji kuambiwa mpangilio wa alfabeti. Zisipoambiwa, huchanganya n na n̄ kana kwamba ni herufi moja yenye pambo. Tungeiweka n̄ baada ya maneno yote ya n, m̄ baada ya m, ē baada ya e, ō baada ya o.

Sasa njia ya kufundisha. Hapa tunataka kumzuia mtu yeyote asichukue mbinu ya huku kwetu na kuipeleka Motalava kama ilivyo. Mtoto wa Kiswahili huanza na ba be bi bo bu, na baada ya miezi michache anasoma karibu neno lolote, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Silabi za Kimwotlap hufungwa kwa konsonanti mara nyingi: vētēl ni tatu, mitig ni nazi, tig imefungwa, tēl imefungwa. Mtoto aliyefundishwa ma me mi peke yake kwa nusu mwaka atasoma mi-ti-gi, atie irabu ya ziada isiyokuwapo, na mwalimu adhani mtoto ni mzito. Silabi iliyofungwa iingie mapema, wiki ya tano au ya sita, mara zinapokuwapo irabu mbili na konsonanti tatu.

Kuhusu mfuatano wa herufi, anza na zile zinazotokea mara nyingi: a, m, t, i, l, n. Zitenganishe e na ē kwa wiki kadhaa, vivyo hivyo o na ō. Usifundishe b na d wiki moja, maana ni umbo moja lililogeuzwa. Acha q na m̄ mpaka mtoto awe na maneno ya kusoma, ingawa asiachiwe mwaka uishe: nyumba kwa Kimwotlap ni nēm̄, neno ambalo hakuna mtoto asiyelitaka. Herufi moja kwa wiki ni wiki 24, na sehemu ya mwaka inayobaki iwe ya kusoma vitabu, siyo ya kurudia chati.

Kuna uamuzi mmoja wa tahajia ambao lazima watu wa Motalava wenyewe wauchukue kabla ya kuchapa: nomino iandikwe pamoja na kiambishi chake au mbali nacho. Samaki ni nōmōmō, na mzizi wake ni mōmō. Mtumbwi ni nisiok, mzizi ni siok. Irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mzizi, na mahali pengine mzizi wenyewe hupoteza irabu yake: mitig ikipata kiambishi huwa namtig. Tena kuna napnō, kisiwa au kijiji, ambayo mzizi wake ni vōnō. Ō ya kwanza imeanguka, v ikajikuta mwisho wa silabi, ikawa p. Wanaisimu huandika na-pnō kwa kistari, na kwa kazi yao inafaa. Kwa vitabu vya watoto rai yetu ni kuunganisha bila kistari, kama sisi tuandikavyo ninasoma neno moja na si ni na soma, kwa sababu mtoto hulisikia kama neno moja. Lakini kamusi ya shule ipangwe kwa mizizi, na kila sura iliyobadilika iwe na mstari wake: napnō, tazama vōnō. Bila mstari huo mtoto ataitafuta napnō chini ya n na asiione. Na mwandishi anayeorodhesha nomino zote pamoja na viambishi vyake atakuwa na kamusi ambayo karibu nusu yake ni herufi n.

Tuje kwenye yaliyomo. Vitabu vingi vya lugha ndogo hutafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa kwa sababu picha zimekwisha kuchorwa. Kwa Kimwotlap hiyo ni hasara. Kiwakilishi cha Kiingereza cha "sisi", kama chetu, hakisemi kama anayeambiwa yumo. Kimwotlap husema gēn akiwamo, kemem akiwa hayumo, na kina sura nyingine za watu wawili na za watu watatu. Mfasiri anayetazama sentensi ya Kiingereza hulazimika kubuni nani yumo na ni wangapi, na watafsiri wawili watabuni tofauti katika kitabu kimoja. Ikibidi kutafsiri, tafsirini kutoka Kibislama, ambacho hutofautisha yumi na mifala, na kina idadi hizohizo. Bora zaidi, andikeni upya.

Hesabu nayo ina mitego yake. Katika Kimwotlap kusema "nazi zangu" hutegemea nitazifanya nini: kuna kimilikishi cha vya kula, cha vya kunywa, cha vitu nilivyonavyo kwa wakati huo, na cha vingine vyote. Si kama ngeli zetu, ambamo kila nomino huja na ngeli yake isiyobadilika. Kwa hiyo swali la "nina nazi tatu, nikapata mbili" haliandikiki mpaka mwandishi ameamua kama nazi hizo ni za kula au madafu ya kunywa. Maelekezo pia: watu wa Motalava huelekezana kwa upande wa bara na wa bahari, na kwa mhimili wa pili unaoukata huo, hata ndani ya nyumba. Zoezi la "zungushia picha iliyo kushoto" linampima mtoto kitu ambacho mwalimu hakukusudia kupima. Kwa upande mwingine, majina ya namba ni hazina. Tatu ni vētēl na nane ni levetēl. Nne ni vēvet na tisa ni levevet. Mtoto anaona kwa masikio yake kwamba nane ni tano na tatu. Mwalimu wa hesabu akiliacha jambo hili lipite, amepoteza somo zima la kujumlisha alilopewa bure.

Kwa vitabu vyenyewe, vijitabu 20 vyembamba ni bora kuliko kitabu kimoja kinene. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 16. Hicho ndicho kipimo. Sentensi moja kwa ukurasa kwa vya kwanza, mbili au tatu kwa vinavyofuata. Kwa darasa la watoto 20 chapeni nakala 24 za kila kijitabu, kwa mashine ya kidijitali, kwa kuwa chapa kubwa ya ofseti haina faida chini ya mamia mengi ya nakala. Msibane kwa pini za stepla. Hewa ya chumvi huzila, kutu huchana karatasi ya katikati, na kijitabu hugawanyika. Shoneni kwa uzi wa nailoni, matundu matatu, fundo ndani. Vihifadhiwe katika ndoo za plastiki zenye vifuniko, kwani kabati la mbao huhifadhi unyevu na mchwa pamoja. Msimu wa vimbunga huanza Novemba na kuishia Aprili, na mwaka wa shule huanza katikati yake. Basi mzigo uondoke katika miji ya Port Vila au Luganville kabla ya Oktoba kwisha. Ukikosa meli hiyo, muhula wa kwanza utapita bila vitabu.

Kabla ya kuchapa, kila kijitabu kisomwe kwa sauti na watu watatu ambao hawakukiandika: mzee, mwalimu na mtoto wa darasa la tatu. Atakaposita mmoja, wekeni alama. Watakaposita wawili mahali pamoja, sentensi hiyo ina kasoro, hata kama mwandishi anaapa kuwa ni sahihi. Hadithi za kale na nyimbo zina wenyewe, na nyingine hazipaswi kusomwa na kila mtu. Kituo cha Utamaduni cha Vanuatu kina mtandao wa watafiti wa kujitolea vijijini wanaojua nani wa kuombwa, na ruhusa hiyo ipatikane kabla ya kuchora picha.

Haya yote huvunjika kwa jambo moja la kiutawala, nalo liko mezani kwako. Mwalimu wa darasa la kwanza akihamishwa, akaletwa mwingine kutoka visiwa vingine kama Malekula au Tanna, vitabu hubaki ndani ya ndoo. Mgeni hata akiwa hodari atasoma b kama b ya Kiingereza na e zote mbili sauti moja, na watoto watamfuata. Tunaomba nafasi za madarasa mawili ya kwanza katika shule za Motalava ziwekwe kwa wasemaji wa Kimwotlap. Pale ambapo haiwezekani, awepo msaidizi wa kijijini anayelipwa, na anayelipwa kwa wakati, si kwa ahadi ya meli ijayo. Mafunzo yake ya tahajia hayahitaji mwaka. Wiki mbili za kuandika kila siku, kusahihishana na kusoma kwa sauti zinamtosha mtu anayeijua lugha.

Wazazi watauliza kuhusu Kiingereza na Kifaransa, na wana haki. Wajibiwe kwa vitendo: mwanzoni mwa mpito, tengeni wiki chache za kulinganisha herufi. Mtoto anajua kwamba b ni mb, sasa aambiwe wazi kwamba katika lugha mpya hakuna m mbele yake. Anajua kwamba g ni gh, aambiwe vilevile. Herufi nyingi atakuwa anazo tayari. Asipoambiwa tofauti hizi chache, atazibeba mpaka sekondari na lawama itaangukia Kimwotlap.

Hatuombi Kimwotlap kiwe lugha ya shule zote za Torba. Mkoa huo una lugha zipatazo 17 kwa watu wapatao 10,000, na Kimwotlap chenyewe kimekwisha kukimeza Kivolow, kilichosemwa mashariki ya kisiwa hichohicho. Kiswahili nacho kimefanya hivyo, kwa hiyo hatusemi kwa majivuno: Tanzania ilichagua lugha moja ya shule za msingi, ikapata umoja mkubwa, na lugha za jamii ndogo zikakosa darasa mpaka leo. Kimota kilipandishwa na misheni juu ya wenzake wote, kikashushwa na misheni hiyohiyo. Leo kina wasemaji wapatao 750. Kivera'a, Kilehali, Kihiw na nyingine zipewe zamu zao kwa ukubwa wao, hata ikiwa ni vijitabu vitano na chati moja. Herufi nyingi ni zilezile katika visiwa vya Banks, kwa hiyo kibodi na fonti zitakazotengenezwa kwa Kimwotlap zitafaa kwa majirani kwa marekebisho madogo.

Mheshimiwa Waziri, hatua ya kwanza haihitaji bajeti mpya: kikao cha walimu, wazee na vijana wa Motalava, kitakachoidhinisha orodha ya herufi 24 na kuamua kuhusu kiambishi cha nomino, na barua ya wizara yako inayokubali uamuzi huo kuwa tahajia ya shule. Tukipata nakala ya barua hiyo, tutakagua bila malipo kurasa za majaribio za vijitabu 20 vya kwanza, kistari kwa kistari, na kuzirudisha kabla ya meli ya Oktoba.

Wasalaam.